Jembe la Kutembelea

Siku niliyomwamkia mwanafunzi wangu ilikuwa Jumamosi, sokoni Kilosa, mbele za watu. Nilikwenda kununua nyanya. Binti anayeuza nyanya upande wa kuelekea reli nilimfundisha hesabu darasa la tatu, na tangu apate meza yake sijanunua nyanya kwa mtu mwingine. Kila nikifika yeye ndiye huanza: shikamoo, mwalimu. Mimi huitikia, halafu naanza kulalamikia bei, naye huniongezea moja ili ninyamaze. Siku hiyo alikuwa ameinama anapanga mafungu. Akainua uso, na kabla hajafungua kinywa, mimi nikasema, "Shikamoo."

Sikuwa natania. Neno lilitoka na heshima zake zote, hata magoti yakakunjika kidogo. Yeye naye akashtuka, na kwa kushtuka akajibu kama mtu yeyote anavyojibu: "Marahaba."

Upande ule wote wa soko ukageuka kututazama. Mama wa dagaa wa meza ya pili akasema, "Mungu wangu." Binti akajiziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, kana kwamba amenipiga kofi. Nililipa, nikaziacha nyanya pale pale mezani, nikaondoka. Nilifika nyumbani nikajifungia mlango saa nne asubuhi.

Mwingine angecheka na kusema uzee umeingia. Mimi sikucheka, kwa sababu ile shikamoo niliwahi kuiona. Niliiona kwa mama yangu.

Mama alilima kijijini Masanze mpaka alipopita miaka sabini. Alikuwa na jembe moja la mpini wa mti wa mkarati, umelainika kwa viganja vyake, na hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Mimi ndiye niliyekuwa na mshahara katika ukoo, na niliona aibu. Mama wa mwalimu analima kwenye jua, watu watasemaje? Krismasi moja nikampelekea kiti chenye mikono, nilichomtengenezesha fundi wa hapa mjini, na mto wa kitambaa cha maua. Nikalitoa jembe mkononi mwake mbele ya majirani nikasema, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa kaa." Watu walipiga vigelegele. Kanisani walinitaja kama mfano wa mtoto anayejua kutunza mzazi, nami nilikaa benchi la mbele nikiwa nimevimba kichwa.

Mwaka wa kwanza alikuwa akitoroka kwenda shambani. Niliwapa majirani kazi ya kumrudisha, nao walimrudisha kwa upole, wakimshika mikono huku na huku. Mwaka wa pili hakutoroka tena. Mwaka wa tatu akaanza kuuliza swali moja mara nne ndani ya chai moja. Kisha siku moja nilifika kutoka mjini, nikapiga goti nimwamkie, yeye akaniwahi. "Shikamoo," akaniambia. Nikacheka, nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akanitazama kwa adabu, jinsi unavyomtazama mgeni ambaye hujui amefuata nini. Tangu siku hiyo mpaka tulipomzika aliniamkia hivyo hivyo, na hakuniita tena mwanangu.

Baada ya mazishi nilileta Kilosa vitu viwili tu. Kiti nikakiweka sebuleni. Jembe nikaliegemeza stoo, nyuma ya madebe.

Habari za soko zilifika Mikumi kabla ya jua kuzama. Mwanangu yuko kule, ana duka la vipuri kando ya barabara kuu, anawauzia madereva wa malori. Ni mtoto wangu wa pekee. Akapiga simu, na nyuma yake nikawa nasikia honi na breki za upepo.

"Mama, nimeambiwa."

"Umeambiwa nini?"

"Uje ukae huku. Kuna chumba cha uani."

Chumba cha uani nakijua. Kina dirisha moja linalotazama ukuta. Nikamwambia nyumba yangu niliijenga na marehemu baba yake tofali kwa tofali, na nitatoka humo nikiwa nimelala. Akasema hayo ndiyo maneno ya watu wanaochanganyikiwa. Tulizozana mpaka salio likamwishia, akaongeza, tukaendelea. Mwisho tukapatana. Angenipeleka kwa daktari mmoja kule Mikumi. Daktari akisema akili inaondoka, nahamia chumba cha uani. Akisema bado ipo, nabaki kwangu na habari hiyo asiniletee tena.

Daktari alikuwa mdogo kuliko mwanangu. Aliniamkia, nami nikaitikia polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeruka dimbwi. Akanipa karatasi nichore saa. Akaniambia nihesabu kutoka mia nikirudi nyuma saba saba, mimi niliyewahesabisha watoto wa mji huu miaka thelathini na kitu, na nilifika themanini na sita nikakwama. Akanitajia maneno matano, akazungumza mambo mengine kidogo, kisha akaniuliza maneno yale. Nilikumbuka mawili. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni anatazama viatu vyake.

"Sisemi ni ule ugonjwa," daktari alisema. "Sisemi pia kwamba sio. Inaweza kuwa huzuni, inaweza kuwa usingizi mbovu. Tuanze na jambo moja. Unafanya mazoezi?"

Nilimwambia mimi ni bibi, sio mchezaji wa Ligi Kuu.

Hapo akanieleza jambo ambalo nimekuwa nikilitafuna mpaka leo. Alisema ndani ya ubongo kuna seli za kinga zinazoishi humo humo. Kazi yao ni doria na usafi. Zinapita huku na huku, zinaokota takataka, zinaondoa vilivyokufa. "Kama mgambo wa mtaa, mwalimu." Tunapozeeka, mgambo hawa wanakuwa wakali bila sababu. Wanakaa wamenuna mchana kutwa, hawafagii, na wanapindua meza za watu wasio na kosa. Lakini mwili ukifanya kazi, misuli inamwaga vitu fulani kwenye damu, na inaonekana vitu hivyo vinawatuliza, wakarudi kushika mifagio. "Mengi ya haya yameonekana kwa panya. Kwa binadamu bado yanachunguzwa. Siwezi kukuahidi kitu. Ila ningekuwa na mama wa umri wako, ningemtoa kwenye kiti."

Alisema hivyo tu, kiti, bila kujua. Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Na kama mtu alikuwa analima kila siku, halafu akaketishwa?"

Akafunga kalamu yake. "Hatuwezi kujua, mama. Ubongo unazeeka kwa sababu nyingi."

Alisema kwa huruma, na haikunisaidia chochote.

Masharti yalikuwa nusu saa kila siku, mwendo wa haraka, moyo uende mbio. Kipimo chake: niweze kuongea lakini nishindwe kuimba. Baada ya miezi minne nirudi.

Kutembea ni jambo rahisi kwa mtu asiyeishi Kilosa. Asubuhi ya kwanza nilitoka saa kumi na mbili na nusu, mikono mitupu, nimevaa raba za mwanangu za zamani. Hatua kumi, jirani. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, watoto wazima, na mguu je, unaelekea wapi mapema hivi? Nikasema natembea tu. Unatembea kwenda wapi? Siendi popote. Akanitazama kutoka kilemba mpaka raba, na nikajua kwamba kabla ya chai ukoo wake wote utakuwa umeshapata taarifa. Hatua ishirini, mwenyekiti wa mtaa. Hatua thelathini, vijana wawili wa bodaboda, nao wakataka kunibeba bure kwa sababu mwalimu hawezi kutembea kwa miguu huku wao wapo. Nilirudi nyumbani baada ya nusu saa, nimesalimiana na watu kumi na mmoja, moyo umetulia kabisa, na ningeweza kuimba tenzi nzima bila kukata pumzi.

Siku ya tatu nikasikia kwamba kuna wanaosema mwalimu anarandaranda. Neno hilo kwetu hatumwambii mtu mzima mwenye akili timamu.

Ndipo nilipokumbuka stoo. Nikasogeza madebe, nikalitoa jembe la mama, nikalipangusa buibui, nikaliweka begani. Shamba sina. Langu la mtoni lilifukiwa mchanga na mafuriko ya Mkondoa, na nilishaacha kulililia. Lakini jembe begani ni ruhusa ya kupita. Mtu mwenye jembe ana anakokwenda, na hakuna mwenye adabu atakayemchelewesha jua lisije likamkuta njiani. "Shambani, mwalimu?" "Ndiyo." Neno moja, na miguu haijasimama. Nilijisikia mjanja kama mtoto aliyetoroka shule.

Basi ikawa hivyo kila siku. Napita stesheni ya zamani, navuka reli, nashika barabara ya Rudewa, naenda mpaka pale mkonge uliotelekezwa unapoanza kuonekana ndani ya majani, nageuka. Wiki ya kwanza magoti yalinililia. Wiki ya tatu nikaanza kuona nimefika mapema, nikaongeza. Nilikuwa najaribu kipimo cha daktari: naanza ubeti, unakatika katikati, najua niko sawasawa. Halafu nawaza wale mgambo kichwani mwangu, wanaamka na kununa, wanatafuta mifagio yao. Nilikuwa nawasemesha kwa ukali wa darasani. Wewe wa nyuma, mbona umekaa?

Kuna mambo nilianza kuyaona. Nilirudi kusoma gazeti mpaka mwisho. Niliacha kutafuta miwani iliyo usoni. Usingizi ulikuja mapema na ukakaa. Sijui kama ni seli, sijui kama ni hofu iliyopungua. Ninaandika nilichokiona.

Na niliona kingine. Asubuhi moja kwenye barabara ile nilipishana na bibi wa wafugaji, mzee kunizidi, anaswaga ndama wawili kwa fimbo. Watu wake na watu wetu wana kesi ya ardhi isiyoisha. Alisimama akasema jambo kwa lugha yake, nadhani ni salamu. Nikafungua kinywa nimjibu, sauti haikutoka. Ilitoka mkwaruzo tu, kama mlango usiofunguliwa. Nikasimama pale barabarani nikahesabu: mara ya mwisho kuongea na mtu ilikuwa jana asubuhi, na nilichosema ni "ndiyo".

Nilikuwa mpweke. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema. Jembe lilinifungulia njia, na hakuna mtu aliyenisimamisha tena. Sokoni nilikuwa siendi; nyanya nilinunua kwa mama apitaye na beseni. Yule binti naye, nikimwona kwa mbali mjini, alikuwa anakata kona. Kosa lilikuwa langu, aibu akaichukua yeye. Jioni nilikaa kwenye kiti cha mama, redio ikiongea peke yake, na nilielewa kwa nini alikuwa akitoroka. Hakuwa anafuata mahindi. Kule shambani kulikuwa na wenzake.

Miezi minne ikafika. Nikapanda gari la Mikumi asubuhi, mwanangu akanipokea stendi na kunipeleka kwa daktari. Nikachora saa, mishale yote mahali pake. Nikahesabu saba saba mpaka mbili, nikamuuliza kama anataka nirudi juu. Akacheka. Akanitajia maneno matano mapya, tukazungumza juu ya tembo walioingia shamba la mtu wiki ile, kisha akaniuliza.

"Mlango," nikasema. "Ndizi. Treni. Shati."

La tano halikuja. Niliona mahali pake, kama pengo la jino. Nilikaza mikono kwenye mkoba, nikatafuta ndani ya kichwa chumba kwa chumba.

"Basi, inatosha," daktari akasema. "Manne ni mazuri sana. Nimefurahi." Kisha akauliza, "Unatembea na nani?"

"Na jembe."

Hakucheka safari hii. "Ubongo unataka na watu, mwalimu. Nilipaswa kukuambia mwanzo."

Nikamgeukia mwanangu. Nilikuwa nimeshinda, nilitaka nimwone ameshindwa. Nilimkuta ametoa pumzi ndefu, mabega yameshuka, anatabasamu kama mtu aliyefutiwa kesi. Alikuwa amefurahi kuliko mimi. Tulikwenda kula kwake, na nilipopita uani kunawa mikono niliona mlango wa kile chumba uko wazi. Ndani kulikuwa na matairi mpaka darini na maboksi ya vipuri. Hapakuwa na nafasi ya mkeka. Sikumuuliza. Sidhani kama alinidanganya. Nadhani aliniita kwa moyo mweupe, kisha akaomba nisije. Mimi nami niliomba hivyo hivyo. Sijui kwa nini iliniuma.

Nilifika Kilosa saa kumi na moja jioni. Nyumba ilikuwa imejaa joto la mchana. Miguu ilikuwa imechoka kwa safari, nikaenda moja kwa moja sebuleni kukaa, nikashika mkono wa kile kiti cha mama ili nijishushe, na neno likaja.

"Kiti!" nikapiga kelele.

Nikasubiri. Sijui nilimsubiri nani. Ukuta haukusema kitu, redio ilikuwa imezimwa. Neno la tano nilikuwa nalo mdomoni, kamili, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nilifikiri kumpigia mwanangu, nikamsikia kabla hajapokea: hongera mama, malori nyuma, nitakupigia. Nikampitisha akilini kila mtu ninayemjua katika mji huu nilioufundisha kuhesabu, na ni mmoja tu ambaye angeelewa jambo hili lilianzia wapi, kwa sababu lilianzia mbele yake.

Sikukaa. Nikatoka, na jembe nililiacha stoo.

Watu walinisimamisha njia nzima. Mwalimu, umepotea. Mwalimu, shamba linaendeleaje? Niliwaambia sina shamba, natembeza akili, na mmoja alicheka mpaka akajishika kiuno. Soko lilikuwa linafungwa. Yule binti aliniona nikiwa bado kwenye meza ya dagaa, akainama kwenye makreti yake kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo ndani.

Nikasimama mbele ya meza. Mkubwa haanzi, na mimi safari ile nilishaanza vya kutosha. Nilingoja. Miaka yote ya ubao na chaki imenifundisha kumngoja mtoto ambaye jibu analo lakini anaogopa. Mama wa dagaa aliacha kufunga magunia yake.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, macho chini.

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ya mstarini, soko lote lisikie. "Hujambo mwanangu?"

Akaanza kulia. Nilimwambia asinililie nyanya zikaoza. Akafuta uso kwa kanga, akavuta kutoka nyuma ya meza kiti chake cha plastiki, kile kile anachokalia kuanzia alfajiri, akakipangusa kwa pindo, akakisukuma upande wangu.

"Kaa, mwalimu. Umechoka. Kaa upumzike."

Nilikitazama kile kiti. Niliushika mgongo wake kwa mikono miwili.

"Hicho ndicho nilichokisahau leo," nikamwambia.

Hakuelewa, ikabidi nimsimulie yote: daktari, mgambo, jembe, na mama yangu niliyemketisha mimi mwenyewe mbele za watu wakapiga vigelegele. Nilisimulia nikiwa nimesimama. Naye, kwa kuwa mkubwa wake nimesimama, hakuweza kukaa. Tulisimama hivyo wawili, kiti kitupu katikati yetu, mpaka wenzake wakafunga meza zao wakaondoka. Kisha akauliza asubuhi huwa napita saa ngapi.